Kuinyanyua Plymouth ya Baba

Jumamosi, 6 Aprili 2019

Nimetoa ahadi. Mashahidi wapo: mke wangu Lorraine, muuguzi mmoja, na bibi wa kitanda cha pili ambaye husikia anachotaka tu, na hili alilisikia.

Tulikwenda kumwona Mama kwenye nyumba ya wazee. Tarehe 28 anatimiza miaka tisini na mmoja. Nikamuuliza anataka zawadi gani. Nilitegemea soksi. Kila mwaka husema soksi. Mwaka huu kasema anataka kupelekwa Belle Isle, kile kisiwa chenye bustani, akaangalie mto, kwa gari la Baba. Hili letu jipya halitaki, ati linanuka kama duka la viatu. La Baba! Plymouth ya mwaka 1965, rangi ya maziwa, viti vyekundu.

Nikajibu, "Mama, hilo ni jambo dogo." Lorraine akanikanyaga mguu. Alichelewa.

Ukweli wenyewe: gari lipo kwenye gereji ya nyuma tangu Baba afariki, mwaka 1996. Kila Jumapili naliwasha ili lisijisahau. Injini inaimba. Kasoro ni moja tu, halina breki. Paipu zote za breki za chini zimeliwa na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, majira ya baridi thelathini na moja. Nina siku ishirini na mbili. Zinatosha na kubaki.

Jumatatu, 8 Aprili

Mpango wa kwanza: kulala chini ya gari kama zamani. Jeki, stendi nne, boksi la friji chini ya mgongo. Niliingia vizuri. Pua ikakutana na oili kuukuu, na papo hapo nikawa na miaka ishirini na sita.

Mwaka 1979 tulikuwa tukitoka zamu kiwandani, Baba na mimi, tunalala hapa hapa bega kwa bega. Viatu vinne vya kazi vikichungulia nje, aina moja, saizi moja. Mama alikuwa akija na vikombe viwili, akagonga soli kwa kijiko na kuuliza: wewe ni wa kahawa au wa chai? Baba, aliyekuwa wa chai, alijibu jibu langu kwa makusudi. Nilikunywa chai yake mwaka mzima. Sikulalamika. Sasa ningelipa chochote ninywe tena.

Niliyakumbuka haya kwa kirefu kwa sababu mgongo ulikuwa umeshakaza, siwezi kutoka. Saa mbili nzima! Lorraine alikuwa kanisani akikunja unga wa pierogi, yale maandazi ya Kipolandi ya kuchemsha. Aliyenikuta ni Delbert Hatcher, jirani wa ng'ambo ya uchochoro. Katika watu wote wa mji huu, yeye! Alihamia hapa kutoka Kentucky mwaka 1978 na tangu hapo ana maoni kuhusu kila kitu. Alinivuta kwa vifundo vya miguu kama gunia la viazi, akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Mzee mwenzangu," akasema, "wewe sasa ni wa kulala kitandani. Chini ya gari waachie wenye uti wa mgongo."

Kisha akaniambia gereji yake ina lifti ya kuinulia magari, ya nguzo mbili, nilete gari siku yoyote. Kana kwamba sijui! Lifti hiyo huitangaza kwenye meza ya karata klabuni kila Alhamisi. Sote tunajua inabeba uzito gani. Majina ya wajukuu zake hatuyajui.

Nikamshukuru, nikakataa. Nitanunua yangu. Kubwa kuliko yake.

Jumatano, 10 Aprili

Nimesoma vitabu vya matangazo vinne. Lifti za nyumbani ni za aina tatu. Ya nguzo mbili: gari linashikwa na mikono minne ya chuma, linaning'inia, unatembea chini yake kama bwana mkubwa. Ya nguzo nne: gari linasimama juu ya reli mbili pana, na chini yake unaegesha la pili. Ya mkasi: kitu bapa kama godoro, kinajikunjua kutoka sakafuni mpaka kifuani, basi. Hii ya tatu nimeichora msalaba kwa kalamu nyekundu. Mtu hawezi kutamba klabuni kwa godoro.

Nikaenda duka la mashine. Muuzaji ni Yolanda Pruitt, binti mwenye miwani na subira. Akauliza dari yangu ina urefu gani. Nikasema futi kumi na mbili. (Ni futi nane na inchi nne. Nimepima mara sita. Haikui.) Akauliza unene wa sakafu. Inchi sita, nikasema, zege tupu. Akauliza nani aliimwaga. Nikasema Baba, na hapo sikudanganya.

Akafurahi. Akasema basi fundi wake atapita kwangu kupima, kwani hawauzi nguzo mbili bila kuona mahali. Gari likidondoka, alisema, halichagui pa kudondokea. Nikasema fundi asisumbuke. Akavua miwani.

"Mzee Pilarski, wewe si wa Hamtramck? Gereji za uchochoroni? Shangazi yangu anayo. Zote ni futi nane na kidogo. Niambie ukweli nikusaidie."

Kisha, bila aibu, akanionyesha ya mkasi! Ati haihitaji dari ndefu, haihitaji kufungwa kwenye sakafu kwa bolti, na mtu wa rika langu anaweza kukaa kwenye kigoda akafanya kazi yake kwa starehe. Mtu wa rika langu! Nikaaga kwa heshima. Nilisukuma mlango wa kuvuta, lakini kwa heshima.

Jumamosi, 13 Aprili

Dari fupi si tatizo. Ni mbao tu. Lorraine alipokwenda sokoni nilipanda ngazi na kuanza kung'oa.

Kumbe juu kule kuna nyumba nyingine! Viatu vyetu vya kutelezea barafuni, vimefungwa jozi jozi kwa kamba. Kinanda cha mjomba kisicho na vibonye vitatu. Sanduku la bati la chakula alilobeba Baba kiwandani miaka thelathini, na ndani yake karatasi ya mkate iliyokunjwa mara nne. Baba hakuwahi kutupa karatasi. Niliinusa. Hainuki kitu, ni karatasi. Niliinusa tena. Nikakaa pale juu ya boriti, miguu inaning'inia, mpaka nikasahau nilichopandia.

Nilipokumbuka nikasimama kwa haraka. Mguu ukapita kwenye mbao.

Lorraine aliporudi aliuliza kutoka chini kuna nini. Nikasema kindi wametoboa dari, nawafukuza. Akauliza kama kindi hao wanavaa soksi za kijivu.

Kwa kifupi: nimekatazwa kugusa boriti yoyote, kwa sababu ndizo zinazoshika paa. Nimepigilia kiraka. Dari sasa ni futi nane na inchi tatu.

Jumatatu, 15 Aprili

Ushindi! Nimepata lifti ya nguzo mbili, iliyotumika kidogo, kwa tangazo la gazeti. Bwana mmoja wa mashambani kaileta kwa lori asubuhi hii hii. Hakuuliza habari ya dari. Hakuuliza habari ya sakafu. Mtu muungwana sana. Alishusha nguzo uani, akapokea chake, akasema mali ikishuka hairudi kwenye lori, akaondoka kwa mwendo wa mtu anayewahi treni.

Nimepima nguzo. Futi kumi na mbili.

Nimepima upya, kuanzia ncha ya pili. Futi kumi na mbili.

Mpango: kutoboa paa matundu mawili, nguzo zichungulie nje. Nitazivisha ndoo ili mvua isiingie. Kutoka mbali zitaonekana kama dohani.

Jumatano, 17 Aprili

Kabla ya paa, sakafu. Nilitaka kujua zege ni nene kiasi gani, maana bolti za nguzo zinahitaji inchi nne na zaidi. Nikachukua drili. Nilijiandaa kwa kazi ya mchana kutwa. Sikumaliza hata kuimba ubeti mmoja, drili ikazama mpaka kwenye mpini. Inchi mbili! Chini yake mchanga.

Nikakumbuka. Tuliimwaga sisi wenyewe, kiangazi cha 1974. Nilimwambia Baba inchi mbili ni chache. Akasema, "Chester, gari halitaruka kamba humu." Saruji iliyobaki ilimjengea Mama ngazi ya jikoni.

Ingebidi nivunje sakafu yote na kumwaga upya. Sawa, hilo linawezekana. Nikaazima nyundo kubwa, nikasogeza mapipa ya rangi kwenye kona ili nianzie pale. Na pale ndipo ilipo mikono yetu, alama tulizogandamiza kwenye zege bichi. Mitatu. Wa Baba mpana kama sahani. Wangu. Na wa Mama mdogo, katikati, wenye alama ya pete. Chini yake tarehe, imeandikwa kwa msumari.

Miaka arobaini na mitano nimeweka mapipa ya rangi juu yake.

Niliweka mkono wangu ndani ya wangu. Hauingii tena, vidole vimevimba. Nikaujaribu kwenye wa Baba. Ukaingia sawasawa.

Nyundo nimeirudisha.

Jumamosi, 20 Aprili

Mkesha wa Pasaka. Nguzo ziko uani. Lorraine alizitazama siku nne, akizipima kwa macho. Leo kazisimamisha na mashemeji zake wawili, kazifukia miguu, kafunga kamba katikati, kaanika mashuka. Anasema hajawahi kupata nguzo madhubuti kama hizi za kuanikia. Padri alipokuwa anabariki vikapu vya chakula cha Pasaka kanisani, na sisi tumeshika chetu chenye soseji, mayai na mwanakondoo aliyefinyangwa kwa siagi, mama mmoja akaninong'oneza kwamba mashuka yetu yanaonekana tangu barabara kuu.

Siku nane zimebaki. Mama kanipigia simu. Amechagua gauni. Amewaambia wazee wote. Akauliza kama Plymouth bado inakoroma kidogo ikipanda mlima. Nikasema inakoroma, Mama. Akacheka kama msichana.

Sikuweza kula soseji. Nilikula moja.

Jambo jingine: Delbert kaenda Kentucky kwa dada yake, mpaka Alhamisi. Kamwachia Lorraine funguo ili alishe paka.

Funguo za nyumba. Na za gereji.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimelisha paka.

Kisha, kwa kuwa nilikuwa huko huko, nikavusha Plymouth uchochoroni. Hatua sitini, gia ya kwanza, bila breki. Nilipanga lisimame lenyewe. Lilisimamishwa na mapipa ya taka ya Delbert, ambayo yalikuwa yamechakaa tangu zamani.

Nikaweka mikono ya chuma chini ya gari, nikabonyeza. Loo! Likapanda! Polepole, bila kelele, kama linakwenda mbinguni. Gari la Baba, hewani! Nikatembea chini yake nimesimama wima, mimi, kwa mara ya kwanza maishani. Naikubali: ni lifti nzuri. Sitasema tena.

Na kutoka chini nikamwona Baba kila mahali. Kipande cha kopo la kahawa kimefungwa kwenye bomba la moshi, maandishi bado yanasomeka. Waya umekazwa mizunguko mitatu. Nimeondoa paipu zilizooza na kufunga mpya mbili. Kopo la kahawa sikuligusa.

Nilipotaka kulishusha gari ili nirudi nalo, likakataa. Nikabonyeza hapa, nikavuta pale. Nikaomba. Liko juu bado. Nimemlisha paka mara ya pili ili asiseme.

Jumanne, 23 Aprili

Delbert karudi leo. Leo! Ati kagombana na dada yake juu ya nyama ya Pasaka.

Alinikuta nimepanda kigoda, nimekumbatia nguzo ya lifti, nikiibembeleza kwa maneno ambayo sijamwambia Lorraine tangu tuoane. Nikaanza kueleza. Nilisema kuhusu paka. Nilisema kuhusu upepo. Hakunisikiliza. Alipita moja kwa moja chini ya Plymouth, akainua uso, akagusa ule waya.

"Hii ni kazi ya baba yako, Mzee Eddie," akasema. "Ona ncha alivyoikunja kwa ndani. Ili isimchome atakayekuja baada yake."

Sikuwahi kuiona. Miaka yote nimelala chini ya gari lile, sikuiona.

Akaniambia jambo ambalo hajaniambia kwa miaka arobaini. Majira yake ya kwanza ya baridi hapa hakumjua mtu. Alikuwa na pikapu isiyo na breki na wala hajui breki zinafungwaje. Baba alimwona uchochoroni, akamwita, akamlaza chini ya Plymouth hii hii, akamfundisha paipu kwa paipu. Mimi nilikuwa zamu ya usiku mwaka ule. Mama akaja na kijiko, akamgonga soli: wewe ni wa kahawa au wa chai?

"Nikasema wa maziwa," Delbert akasema. "Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nilikuwa na aibu, ndilo neno lililotoka. Mama yako akacheka, akaniletea maziwa. Basi, ikawa maziwa mpaka leo. Siyapendi hata kidogo."

Nilikuwa nimezoea kuhesabu viatu vinne. Kumbe kuna siku palikuwa na viatu vingine. Nilitaka kukasirika, nikatafuta pa kuanzia, sikupata.

Kisha akanionyesha. Lifti inakaa juu ya vyuma vya usalama. Lazima uipandishe kidogo ndipo uifungue na kuishusha. Kupandisha ili kushusha! Nani angejua?

Hatukuishusha. Tulifanya kazi mpaka Lorraine akaja kutuita tule. Delbert anashika spana vibaya. Nilimwambia. Akasema ndivyo alivyofundishwa katika familia yangu.

Jumapili, 28 Aprili

Mama kakaa mbele, gauni la maua, mkoba mapajani kwa mikono miwili. Lorraine nyuma na keki. Delbert mbele yetu kwa pikapu yake, ati ikiwa breki zitakataa tumgonge mtu tunayemjua.

Taa nyekundu ya kwanza. Nikakanyaga. Likasimama, laini, bila kuvuta upande. Nikapiga kelele, "Zimeshika!"

Mama akanitazama. "Ulitegemea nini?"

Akalalamika kuhusu mwendo. Akasema Baba naye aliendesha hivi hivi, mpaka yeye akazeekea njiani. Kwenye daraja Plymouth ikakoroma kidogo, akaupapasa ubao wa mbele kama unavyompapasa ng'ombe.

Tulisimama pale ambapo mto unapanuka. Madirisha chini, upepo baridi, meli ndefu iliyobeba mawe ya chuma inapita bila haraka. Nikamwambia Mama, Baba alipenda sana hapa. Akasema wapi! Baba yako hakuwahi kuutazama mto huu. Alikuwa anateremka, anasimama pale, anaangalia gari. "Mimi naangalia maji, yeye anaangalia gari, jioni tunarudi. Tulielewana vizuri sana."

Delbert akaja dirishani kusalimia, kofia mkononi. Mama akamkazia macho muda mrefu. Leo asubuhi alikuwa amesahau jina la Lorraine.

"Wewe," akasema, "ni yule wa maziwa."

Delbert akageuka kuangalia mto. Aliuangalia sana kwa mtu aliyekuja kusalimia tu.

Kurudi, Mama alisinzia kabla hatujavuka daraja, kichwa kimelalia kiti chekundu upande wake ule ule wa zamani. Tulipofika nyumba ya wazee sikusimama. Nikazunguka mtaa. Nikazunguka tena, polepole, gia ya pili. Mara ya nne ndipo nikasimama, na breki hazikutoa hata mlio, na yeye hakuamka.

Jumamosi, 4 Mei

Lorraine kafanya njama. Alimpigia Yolanda Pruitt siku ile ile zilipoletwa nguzo. Wakapatana, lori likaja, nguzo zikaenda kwa mwenye gereji ndefu, mashuka yakarudi kwenye kamba yake ya zamani. Na Alhamisi Yolanda mwenyewe kaleta lifti ya mkasi. Kapima dari. Kapima sakafu. Hakunikumbusha zile futi kumi na mbili, na nilimshukuru. Kaiweka katikati, mbali na ile kona ya mikono, bila bolti hata moja.

Inafanya kazi. Naandika hili kwa uchungu. Gari linapanda mpaka kifuani, mimi nakaa kwenye kigoda, mgongo kimya, kila nati iko mbele ya pua yangu. Leo nimebadilisha oili kwa starehe kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Baba angenionea wivu. Lorraine akaniuliza kama sasa nimejifunza. Nikamwambia sana. Nikamwambia mwanamume lazima ajue kipimo cha nyumba yake.

Mchana Delbert kapita. Kaisifu lifti yangu. Kaisifu kwa dhati, bila utani, na ndipo nikajua kuna jambo. Kumbe anafikiria kuongeza ya nguzo nne. Si kwa haja yoyote. Anafikiria tu.

Lorraine anakwenda Toledo kwa dada yake Jumatano, siku tatu.

Nimepima chumba chetu cha kulia chakula. Futi tisa na inchi tatu! Miaka yote hii nilikuwa napima gereji! Ukuta wa upande wa bustani ni mwembamba, naamini haushiki kitu cha maana; gari litaingilia hapo. Nguzo nne, moja kila kona. Plymouth juu, meza chini. Watu sita wataenea vizuri, wakiinama kidogo.